Kupunguza Saa za Kazi: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Mgogoro kati ya Chama cha Wafanyakazi na Mwajiri

Katika viwanda, maghala na ofisi nyingi binafsi za Tanzania Bara wiki ya kazi imejengwa kwa hesabu moja. Watu huingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wakiwa na saa moja ya chakula katikati, kisha Jumamosi huingia saa 2 na kutoka saa 7 mchana. Saa nane kwa siku tano ni 40, na tano za Jumamosi zinafanya 45, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Waajiri wengi wamechukua kikomo hicho wakakifanya ndiyo kawaida yenyewe, ingawa sheria inasema saa hizo zisizidi 45 na haisemi popote kwamba lazima zifike 45. Mgogoro wa kupunguza saa za kazi unaishi katika pengo hilo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi wa tawi la chama na kwa maofisa rasilimali watu wanaokaa upande wa pili wa meza, na unahusu sekta binafsi ya Tanzania Bara pekee. Zanzibar ina sheria zake za kazi, na utumishi wa umma una taratibu zake. Namba za vifungu ninazozitaja ni za Toleo la Marekebisho la mwaka 2019, Sura ya 366. Mwenye toleo jingine mkononi atafute kwa kichwa cha habari cha kifungu.

Hatua ya kwanza: ulizeni wanachama wanataka nini hasa

Barua nyingi za madai husema "tunaomba saa 40 kwa wiki" na kuishia hapo. Ukikaa na wafanyakazi wenyewe, idara kwa idara, utakuta nyuma ya sentensi hiyo moja kuna madai matatu yasiyofanana. Wapo wanaotaka kweli kufanya kazi saa chache zaidi. Wapo ambao shida yao ni Jumamosi, kwa kuwa mtu anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa ajili ya kazi ya saa tano, na siku ya msiba, harusi au kikao cha shule ya mtoto ndiyo hiyo hiyo. Na wapo ambao hawana haja ya kupunguziwa chochote, ila wanataka saa zinazozidi 40 zihesabiwe kuwa ovataimu, yaani wanadai pesa kwa lugha ya muda. Mtu wa bohari, mama wa kitengo cha kufungasha na fundi wa boila wanaweza kunyoosha mkono pamoja kwa madai yale yale, kisha wakagawanyika siku mwajiri anapoleta pendekezo lake la kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua fanyeni mikutano midogo ya idara na muulize maswali ya kupima. Je, ungekubali kuingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 11:30 jioni ili Jumamosi ifutwe? Je, ungekubali Jumamosi moja kazini na moja nyumbani? Je, uko tayari nyongeza ya mshahara ya mwaka huu iwe ndogo ili upate muda? Andikeni idadi ya mikono kwa kila swali. Karatasi hiyo ya idadi itawasaidia mezani kuliko hotuba yoyote, na itawaokoa na aibu ya kushinda jambo ambalo wanachama hawakulitaka.

Swali la kuongeza muda wa siku za kazi nimeliweka kwa makusudi. Kifungu cha 19 kinaruhusu hadi saa tisa za kawaida kwa siku, na saa tisa kwa siku tano ni 45 kamili. Maana yake Jumamosi inaweza kuondoka bila mwajiri kupoteza hata saa moja ya kazi. Pale ambapo shida ya kweli ilikuwa Jumamosi, mgogoro unaweza kumalizika hapo kwa kikao kimoja.

Hatua ya pili: tambueni aina ya mgogoro wenu

Sheria inagawa migogoro ya kazi katika mafungu mawili, na kukosea fungu ndiko kunakopoteza miezi. Malalamiko ni mgogoro unaotokana na utekelezaji, matumizi au tafsiri ya sheria, ya mkataba wa ajira au ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri. Kwa maneno mengine, haki tayari ipo na inavunjwa. Mgogoro wa maslahi ni ule unaodai jambo ambalo bado halijawa haki.

Kama wafanyakazi wanafanya saa 50 kwa wiki bila malipo ya ziada, au saa ya chakula inaliwa huku mashine ikiwaka na mtu haruhusiwi kuondoka mahali pake, hayo ni malalamiko. Huhitaji kumshawishi mwajiri kuhusu uzuri wa wiki fupi. Unahitaji daftari la mahudhurio na hati za mshahara, na njia yake inaishia kwa muamuzi au mahakamani. Lakini kama saa ni 45 halali na mnataka ziwe 40 kwa mshahara ule ule, huo ni mgogoro wa maslahi. Hakuna muamuzi wala jaji atakayewapa saa 40 kwa sababu mnastahili. Mtazipata kwa majadiliano, kwa usuluhishi, au mwisho kabisa kwa mgomo halali.

Sehemu nyingi za kazi zina vyote viwili kwa wakati mmoja. Vitenganisheni kwenye karatasi tangu mwanzo. Malalamiko yanayochanganywa na madai mapya humpa mwajiri nafasi ya kuyajadili yote kama maombi, hata yale ambayo alipaswa kuyalipa jana.

Kuna mtego mwingine hapa. Kifungu cha 76 kinakataza mgomo kwa wale wanaofungwa na mkataba wa hali bora unaosimamia jambo linalogombaniwa. Kama mkataba wenu uliopo unasema saa ni 45 na bado haujafika mwisho, hamwezi kugoma kihalali kwa sababu ya saa mpaka mkataba huo umalizike au usitishwe kwa notisi inayofaa. Fungueni mkataba, tafuteni tarehe ya mwisho, na pangeni kalenda yenu kutokea hapo kurudi nyuma. Kama saa zimeandikwa katika mikataba ya ajira ya mtu mmoja mmoja tu, kizuizi hicho hakipo.

Hatua ya tatu: jueni uzio wa sheria

Mambo yasiyoweza kuvukwa na makubaliano, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, ni machache, na pande zote mbili zinapaswa kuyajua kwa moyo. Siku za kazi zisizidi sita kwa wiki. Saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki, na jumla ya saa za siku moja pamoja na za ziada zisizidi 12. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano tu, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki iwe na saa 24 za kupumzika. Kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Ndani ya uzio huo kuna milango miwili ambayo hutumiwa kwa nadra. Kifungu cha 21 kinaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, wiki iliyobanwa: hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula bila ovataimu, mradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45. Kifungu cha 22 kinaruhusu mkataba wa hali bora kukokotoa saa kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, na hapo wastani wa saa za kawaida hauruhusiwi kuzidi 40 kwa wiki. Kwa kazi zinazokwenda kwa msimu, kama ubanguaji wa korosho au uchambuaji wa pamba, mlango huu wa pili una thamani kubwa, kwa sababu mwajiri anapata wiki ndefu wakati mzigo umejaa naye anazirudisha wakati bohari ni tupu, na wastani wake unashuka hadi 40 kwa nguvu ya sheria yenyewe.

Hatua ya nne: pigeni hesabu kabla mwajiri hajawapigia

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeona mazungumzo mengi yakivunjika kwa sababu upande mmoja ulikuja na kikokotoo na mwingine ulikuja na kaulimbiu.

Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, Jedwali la Kwanza la sheria hupata malipo ya saa moja kwa kugawa mshahara wa msingi kwa zao la 4.333 na saa za kawaida za wiki. Chukua mshahara wa mfano wa shilingi 390,000. Kwa wiki ya saa 45 kigawanyo ni 195, kwa hiyo saa moja ni shilingi 2,000 na saa ya ovataimu ni 3,000. Wiki ikishuka hadi saa 40 kwa mshahara ule ule, kigawanyo kinakuwa karibu 173.3, saa moja inapanda hadi shilingi 2,250 hivi, na ovataimu inafika 3,375. Nyongeza ya usiku nayo inapanda kwa kiasi hicho hicho. Mshahara wa mwezi haujaguswa, lakini kila kinachokokotolewa kwa saa kimepanda kwa asilimia 12.5.

Tuseme sasa kitengo kina wafanyakazi 20, na mwajiri anasema kazi ya Jumamosi lazima ifanyike. Akinunua saa zile tano kama ovataimu, kila mmoja atamgharimu 16,875 kwa Jumamosi moja, sawa na 337,500 kwa kitengo kizima, na katika wiki nne ni 1,350,000. Hiyo ndiyo namba itakayotajwa na mhasibu. Msiikatae; ni sahihi. Jibu lake liko upande wa pili wa daftari. Jumamosi ya saa tano inahitaji boila iwashwe na mitambo ipashwe moto muda ule ule wa siku kamili, usafi wa mwisho wa zamu ufanywe vile vile, na kama kuna gari la wafanyakazi au chakula, vyote vinatolewa kwa siku iliyo nusu. Ombeni takwimu za uzalishaji wa kila saa wa Jumamosi ziwekwe kando ya zile za Jumatano. Ombeni pia utoro wa Jumamosi na wa siku nyingine.

Chama kilichotambuliwa kina haki ya kuomba takwimu hizo. Kifungu cha 70 kinamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, isipokuwa zile zinazolindwa na sheria, siri zinazoweza kuleta madhara makubwa zikitoka, na habari binafsi za mtu ambaye hajaridhia. Andikeni ombi mahususi, mkitaja miezi na idara. Ombi la "taarifa zote za kampuni" hukataliwa, na linastahili kukataliwa.

Hatua ya tano: hakikisheni mna nafasi mezani, kisha andikeni madai

Wajibu wa mwajiri kujadiliana kwa nia njema unakuja pale tu chama kinapokuwa kimetambuliwa kuwa mjadiliaji pekee, na sharti lake ni kuwa na wanachama walio zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika kundi husika la majadiliano, yaani wale ambao chama kinataka kujadiliana kwa niaba yao. Kama hamjatambuliwa, pelekeni notisi kwa fomu iliyowekwa. Mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi. Akikataa, suala la utambuzi nalo hupelekwa kwenye usuluhishi na hatimaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kuanza kudai saa kabla ya kuhesabu fomu za uanachama ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Barua ya madai isizidi kurasa mbili. Iseme kundi la wafanyakazi linalohusika, saa za sasa, saa zinazodaiwa, msimamo kuhusu mshahara, tarehe inayopendekezwa ya kuanza, na vikao viwili au vitatu vinavyopendekezwa kwa tarehe. Aya ya msingi inaweza kusomeka hivi:

"Chama kinapendekeza kwamba, kuanzia tarehe 1 Julai, saa za kawaida za kazi kwa wafanyakazi wote wa kundi la majadiliano ziwe 40 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kupunguzwa kwa mshahara wa msingi wa mwezi. Chama kiko tayari kujadili mpangilio wa zamu, kipindi cha majaribio na utaratibu wa kazi za Jumamosi kwa idara zisizoweza kusimama."

Sentensi ya pili haionyeshi udhaifu. Inampa mkuu wa rasilimali watu kitu cha kupeleka kwa wakurugenzi wake zaidi ya neno "hapana". Nakala ipokelewe kwa saini na muhuri, na tarehe ionekane vizuri.

Kwa upande wa mwajiri, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kujibu madai kwa kutangaza kwenye ubao kwamba wanaotaka saa 40 watalipwa mshahara wa saa 40. Saa za kazi na malipo ni miongoni mwa taarifa za ajira zilizoandikwa chini ya kifungu cha 15, na mabadiliko yake yanahitaji kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Tangazo la namna hiyo hugeuza mgogoro wa maslahi kuwa malalamiko asubuhi moja, na humkabidhi mpinzani wako silaha ambayo hakuwa nayo.

Hatua ya sita: mezani, badilishaneni

Wakati mwingine mfano wa mbali husaidia kuona. Mwaka 1984 wafanyakazi wa vyuma wa Ujerumani Magharibi, chini ya chama chao IG Metall, waligoma kwa takriban wiki saba wakidai wiki ya saa 35, nao waajiri wakajibu kwa kuwafungia nje maelfu ya wafanyakazi. Kilichowatoa hapo ni pendekezo la msuluhishi Georg Leber: saa 38.5, na badala yake makampuni yakapata uhuru mkubwa zaidi wa kupanga saa hizo kwa idara na kwa vipindi. Saa 35 zenyewe zilifika mwaka 1995, hatua kwa hatua, kwa mikataba iliyofuatana. Chama kilitoa mpangilio, kikapata muda.

Kwa sehemu ya kazi ya Tanzania njia ya hatua inayofaa ni ya kuhesabu Jumamosi. Kupunguza Jumamosi kutoka saa tano hadi tatu hakumridhishi mtu, kwa sababu nauli ni ile ile na siku imeshavunjika. Afadhali Jumamosi nzima ziachwe moja moja: Jumamosi moja katika kila wiki nne kwa miezi sita ya kwanza, kisha mbili, kisha zote. Kwa hesabu, saa za wiki zinashuka kutoka 45 hadi 43.75, kisha 42.5, kisha 40, na kila ngazi inapimwa kabla ya kuingia inayofuata.

Vipimo vya majaribio vikubaliwe kabla ya majaribio kuanza, na visizidi vinne: uzalishaji kwa saa, utoro, ajali, na saa za ovataimu zilizonunuliwa. Chukueni miezi mitatu iliyotangulia kuwa msingi wa kulinganisha, na mkubaliane mapema ni nani anaandika takwimu na lini zinaletwa mezani. Majaribio yasiyo na vipimo huishia kwenye kuulizana "wewe unaonaje", na kila mmoja anaona alichotaka kuona tangu mwanzo.

Idara zisizosimama, kama ulinzi, umeme wa kiwanda na vyumba vya baridi, zijadiliwe peke yake. Walinzi hawataipata Jumamosi kwa pamoja, lakini wanaweza kupata siku ya mapumziko inayozunguka. Kuwaacha nje ya madai kwa kisingizio kwamba "kazi yao ni tofauti" ndiko kunakozaa chama cha pili ndani ya lango moja.

Mwisho wa kila kikao muhtasari usainiwe siku hiyo hiyo, ukitaja yaliyokubaliwa, yaliyobaki na tarehe inayofuata. Kama baada ya vikao vilivyopangwa hamjasogea, andikeni kwamba mmeshindwa kukubaliana. Sentensi hiyo itahitajika katika hatua inayofuata.

Hatua ya saba: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Tume, ambayo wengi tunaiita CMA, hupokea mgogoro kwa Fomu Namba 1. Jazeni kwa uangalifu sehemu inayotaja aina ya mgogoro, mkiandika kwamba ni wa maslahi, na sehemu ya matokeo mnayoyataka muiandike kwa namba: saa 40, mshahara ule ule, tarehe fulani. Nakala ipelekwe kwa mwajiri kwanza, na ushahidi wa kuipokea uambatanishwe, kwa sababu Tume itataka kuridhika kwamba upande wa pili umepata taarifa.

Tangu mgogoro unapopelekwa, msuluhishi ana siku 30 za kuumaliza, au muda mrefu zaidi kama pande zote zimekubali kwa maandishi. Kutohudhuria kuna gharama katika mgogoro wa maslahi: upande wa wafanyakazi usipofika, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine, mwajiri asipofika, anaweza kufupisha muda, na mgomo ukawa karibu zaidi. Kila upande unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake, awe wa chama cha wafanyakazi au cha waajiri, na wakili, au na mtu uliyemchagua wenyewe.

Msuluhishi hatoi hukumu. Atawasikiliza pamoja, kisha atakaa na kila upande peke yake. Katika kikao hicho cha faragha ndipo pa kumweleza ukweli ambao hamkuusema mezani, kwa mfano kwamba wanachama wangepokea Jumamosi moja kwa mbili kama ovataimu itakokotolewa kwa kigawanyo kipya. Nendeni na watu wasiozidi watano, mmoja wao awe ndiye anayejua hesabu, na awepo mwenye mamlaka ya kukubali. Ujumbe ambao lazima upige simu kwa kila sentensi humchosha msuluhishi na humaliza siku 30 bila faida.

Pande zikitaka, zinaweza kukubaliana kwa hiari kwamba muamuzi awaamulie. Katika huduma muhimu, ambazo sheria inazitaja kuwa pamoja na maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto na uongozaji wa ndege, kwa kawaida kugoma hakuruhusiwi, na uamuzi wa Tume ndiyo njia iliyobaki usuluhishi ukishindikana.

Hatua ya nane: mgomo, na masharti yake

Mgomo wa maslahi huwa halali ukipita milango yote ya kifungu cha 80 kwa mpangilio. Mgogoro uwe wa maslahi. Uwe umepelekwa kwenye usuluhishi. Muda wa usuluhishi uwe umekwisha bila suluhu. Kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga wakubali. Kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mwajiri naye anaweza kuwafungia wafanyakazi nje baada ya usuluhishi kushindikana, kwa notisi ya saa 48.

Mgomo halali hauvunji mkataba wa ajira na hauwezi kuwa sababu ya kufukuzwa, lakini mwajiri halazimiki kulipa saa ambazo hazikufanyiwa kazi. Kabla ya kura, kila mwanachama aambiwe hesabu yake: kwa mshahara wetu wa mfano, wiki moja ya mgomo ni shilingi 90,000. Aidha, sheria inakataza kujipanga malangoni kwa ajili ya kuzuia, kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie, na kwa upande mwingine inamkataza mwajiri kuleta vibarua wa kushika nafasi za waliogoma kihalali. Mgomo ulioruka mlango mmoja unaweza kusimamishwa na Divisheni ya Kazi, ambayo pia inaweza kuamuru fidia.

Kwa maoni yangu, kura ya mgomo yenye wingi mkubwa iliyopigwa vizuri na kuhesabiwa hadharani hufanya kazi kubwa kuliko mgomo wenyewe. Mwajiri anayeona idadi hiyo siku mbili kabla ya mashine kuzimwa hurudi mezani. Acheni mlango wa mazungumzo wazi katika saa hizo 48, na mtu mmoja wa kila upande awe na simu iliyowashwa.

Hatua ya tisa: andikeni kilichokubaliwa kwa namna isiyobishaniwa

Mkataba wa hali bora huwa na nguvu kuanzia saini ya mwisho, isipokuwa umetaja tarehe nyingine, na kama chama kimetambuliwa, unawafunga hata wafanyakazi wa kundi hilo wasio wanachama. Hata hivyo, nimesoma mikataba ambayo kifungu cha saa kilikuwa mstari mmoja, na mstari huo ukazaa mgogoro mwingine kabla mwaka haujaisha.

Tuseme mmekubaliana Jumamosi moja kazini na moja nyumbani. Msiandike "wastani wa saa 42.5 kwa wiki". Neno wastani linawapeleka kwenye kifungu cha 22, ambako kikomo ni saa 40, na mtu mwenye jicho kali atauliza saa mbili na nusu zinazozidi zilipwe vipi. Andikeni kwamba wiki ya kazi ni ya saa 45 au ya saa 40 kwa kupokezana, kwa mujibu wa kalenda iliyoambatanishwa. Msiandike pia "Jumamosi ya pili na ya nne", kwani miezi yenye Jumamosi tano italeta wiki mbili mfululizo za kazi. Orodhesheni tarehe za mwaka mzima. Tajeni kigawanyo cha kupata malipo ya saa, kwa kuwa hapo ndipo mhasibu na mfanyakazi watakapopishana: 390,000 kwa 195 ni 2,000, kwa 184.15, yaani 4.333 mara 42.5, ni karibu 2,118. Semeni kama saa ya chakula imo ndani ya saa za kazi au iko nje. Semeni nini kinatokea sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumamosi ya kazi, na mfanyakazi aliyeko likizo anahesabiwaje. Mwekeni pia kwenye maandishi mfanyakazi anayeajiriwa baada ya mkataba, asije akapewa barua ya ajira yenye saa 45 za zamani.

Nakala ya mkataba ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Mgogoro wowote kuhusu tafsiri yake, baada ya hapo, utakuwa malalamiko: unaanzia kwenye usuluhishi wa Tume na, usipopatana, unaamuliwa na Divisheni ya Kazi. Taarifa za ajira za kila mfanyakazi nazo zirekebishwe kwa maandishi ili zilingane na saa mpya.

Kalenda ya Jumamosi ibandikwe langoni wiki mbili kabla ya kuanza, ikiwa na saini mbili chini, ya katibu wa tawi na ya mkuu wa rasilimali watu, na mlinzi wa zamu ya asubuhi awe na nakala yake, kwa sababu Jumamosi ya kwanza ya mapumziko watakuwepo wawili watatu watakaofika saa 2 kamili na kuuliza kama kuna kazi.